Anayejibu Maswali Naye Asome: Juu ya Kazi ya Mkutubi wa Rejea



Wakati wa likizo kijana mmoja wa VIWAWA, mwenyeji wa Msasani, aliniuliza swali nililolipenda: "Frateri, hivi ukutubi ni kazi ya kusomea, au ni kazi ya kukaa tu?" Alikuwa amemaliza kidato cha nne na ndugu zake walikuwa wanamtafutia chuo. Katika fikra zake, kama za wengi wetu, mkutubi ni mtu wa nyuma ya meza anayegonga muhuri wa tarehe na kuwaambia watu wanyamaze. Makala hii ni jibu refu kwa swali lake. Nimewaandikia pia mafrateri wenzangu, maana kila mwaka mmoja wetu hukabidhiwa ufunguo wa maktaba pamoja na zamu ya bustani, kana kwamba kazi hizo mbili ni ndugu.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Katika maktaba kubwa wapo wanaopokea vitabu, wapo wanaoviorodhesha na kuvipa namba, na wapo wanaoazimisha. Mkutubi wa rejea ni yule anayekaa na watu wenye maswali. Amezungukwa na vitabu ambavyo haviazimishwi: kamusi, ensaiklopidia, atlasi, itifaki ya Biblia, vitabu vya sheria, ripoti za sensa. Msomaji humwendea na haja yake, naye humsaidia kuijua vizuri haja hiyo na kufika mahali jibu lilipo. Wanaoandika historia ya ukutubi hupenda kuanzia mwaka 1876, ambapo Samuel Green, mkutubi wa mji wa Worcester huko Marekani, aliwaeleza wakutubi wenzake kwamba haitoshi kuwafungulia watu mlango wa maktaba. Mtu wa kawaida, fundi au mfanyabiashara, anahitaji kupokewa na kusaidiwa ana kwa ana.

Mama mwenye swali la ndoa

Tuchukue mfano. Tuseme parokia moja ya pwani hii ina chumba cha maktaba, na anayekihudumia ni dada mlei aliyesomea kazi hiyo. Jumapili baada ya Misa ya pili anaingia mama mmoja.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Naomba kitabu cha ndoa."

Mtu asiyejua kazi atanyanyuka, atachukua kitabu cha mafundisho ya wachumba, atakiandika kwenye daftari na kumpa. Mama ataondoka nacho, atasoma kurasa kumi, ataona hakimsaidii, na hatarudi tena. Dada huyu anauliza kwanza.

"Ni cha kufundishia, mama, au kuna jambo la nyumbani?"

"La nyumbani. Binti yangu wa mwisho amepata mchumba, kijana mzuri tu, wa hapa hapa Bonde la Mpunga. Ila ni Mwislamu."

"Na wewe mama unataka kujua kama wanaweza kufunga ndoa kanisani?"

"Hilo hilo. Shangazi yake anasema haiwezekani kabisa. Kwenye jumuiya wananiambia inawezekana bila shida yoyote. Nimechoka kusikia."

Sasa swali limepatikana, nalo ni tofauti kabisa na "kitabu cha ndoa". Jibu lake liko katika Sheria za Kanisa, kanuni namba 1086: ndoa kati ya Mkatoliki na mtu asiyebatizwa ni batili mpaka kizuizi hicho kiondolewe na mwenye mamlaka, na hakiondolewi kabla ya kutimizwa masharti ya kanuni namba 1125 na 1126. Kwa hiyo shangazi amekosea kidogo na jumuiya nayo imekosea kidogo. Dada anamfungulia mama ukurasa, anamsomea polepole, kisha anamwambia kwamba hatua inayofuata ni kumwona paroko pamoja na binti. Hapo anaishia. Hatoi hukumu juu ya uchumba wa mtu, wala hatachukua habari ile kwenda kuizungumza kwenye kwaya. Mkutubi wa rejea hutunza siri. Asipojulikana hivyo, watu watamletea maswali ya uongo na kuyaficha yale ya kweli.

Sisi tunaosoma falsafa tunalijua tatizo lililo chini ya mazungumzo haya. Katika mjadala wa Plato uitwao Meno (ni jina la mtu, si meno ya kinywani), Meno anamuuliza Sokrate: mtu atakitafutaje kitu asichokijua? Kama anakijua, hana haja ya kukitafuta, na kama hakijui, hata akikutana nacho hatakitambua. Darasani tunalijadili kama fumbo. Kwenye meza ya rejea ni hali ya kila siku, kwa sababu anayekuja hajui jibu, na mara nyingi hajui hata namna ya kuliita swali lake. Mwaka 1968 Robert Taylor, msomi wa Marekani, alieleza jinsi haja inavyobadilika ndani ya mtu. Huanza kama wasiwasi usio na maneno, ikawa wazo, ikawa swali, na mwisho msomaji hulipunguza swali lake lifanane na kile anachodhani maktaba inacho. Mama yule alisema "kitabu" kwa sababu aliingia chumba cha vitabu. Angeingia ofisini kwa paroko angesema neno jingine.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika maswali yake juu ya ukweli, swali la 11, anamlinganisha mwalimu na mganga. Mganga hauingizi uzima ndani ya mgonjwa. Huusaidia mwili ambao wenyewe una nguvu ya kupona. Vivyo hivyo mwalimu huisaidia akili ya mwanafunzi ambayo tayari ina uwezo wa kujua. Naona maneno hayo yanamfaa mkutubi wa rejea pengine kuliko mwalimu wa darasani, kwa sababu mkutubi hana hata somo lake. Somo ni la yule aliyekuja.

Ujuzi unaoharibika ukikaa

Mtu anaweza kusema: sawa, basi asome mara moja, apate cheti chake, akae kwenye meza yake miaka thelathini. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Turudi kwenye Sheria za Kanisa. Kitabu hicho kilitangazwa mwaka 1983, na nakala za miaka ile bado ziko kwenye rafu nyingi, zimefunikwa vizuri kwa nailoni. Tarehe 8 Desemba 2015 yalianza kutumika mabadiliko ya hayati Baba Mtakatifu Fransisko katika barua yake Mitis Iudex Dominus Iesus, juu ya kesi za ubatili wa ndoa. Zamani hukumu ya ubatili ilihitaji kuthibitishwa na hukumu ya pili inayolingana nayo. Tangu siku ile hukumu moja inatosha, isipokuwa kama kuna rufani, na pia ipo njia fupi mbele ya Askofu kwa kesi ambazo ushahidi wake uko wazi. Tarehe 8 Desemba 2021 sehemu nzima ya kitabu hicho, ile ya makosa na adhabu, ilianza kutumika katika umbo jipya.

Fikiria basi mwamini aliyeachwa miaka mingi, ambaye kwa ujasiri mkubwa anaingia maktaba na kuuliza habari za ubatili wa ndoa. Anapewa nakala ya 1983. Anasoma kwamba zinatakiwa hukumu mbili, anahesabu miaka na nauli, anakata tamaa. Aliyempa kitabu hakusema uongo wowote. Alitoa kilichokuwepo kwenye rafu. Lakini mtu amerudi nyumbani na mzigo ambao Kanisa lilikwisha kuutua. Kwa mkutubi wa rejea, kutojua kilichobadilika si kasoro yake binafsi ya kimasomo inayoishia kwake. Humwangukia mtu mwingine.

Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Wengi wetu tunauliza simu kabla ya kuuliza mtu, na programu za akili mnemba hujibu haraka, kwa Kiswahili safi, pamoja na majina ya vitabu na namba za kurasa. Tatizo ni kwamba baadhi ya vitabu hivyo havipo duniani. Programu huunda jina la kitabu linalofanana na ukweli, ikampa na mwandishi anayeheshimika. Frateri anayeandika tasnifu akiwa na rejea ya namna hiyo hatambui mpaka msimamizi amwambie akilete kitabu chenyewe. Mkutubi anayejua kazi hukagua: anatafuta katika katalogi za maktaba kubwa, anaangalia kama mchapishaji yupo, anafungua ukurasa uliotajwa. Kukagua huku hakukufundishwa chuoni miaka ishirini iliyopita, kwa sababu tatizo halikuwepo. Aliyekijua amekijua kwa kuhudhuria mafunzo, kwa kusoma majarida ya taaluma, au kwa kumuuliza mwenzake.

Taaluma iliyojengwa kwa kukutana

Neno "mwenzake" ni zito kuliko linavyoonekana, na historia ya nchi yetu inalieleza vizuri.

Bodi ya huduma za maktaba iliundwa kwa sheria mwaka 1963, Tanganyika ikiwa changa kabisa, na mkurugenzi wa kwanza, E. M. Broome, alitoka Uingereza. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, lile la Barabara ya Bibi Titi Mohamed, lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwezi Desemba 1967. Sisi wa Msasani tunapenda kukumbusha kwamba Mwalimu alikuwa jirani yetu, na nyumba yake hapa bado watu huitumia kuelekezana njia. Mtu aliyeitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare hakuhitaji kuelezwa maana ya maktaba.

Ila jengo halijibu maswali. Walihitajika Watanzania wenye taaluma, na mwanzoni karibu wote walipaswa kwenda nje ya nchi au Makerere, ambako shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka huo huo wa 1963. Baadaye Ezekiel Kaungamno akawa Mtanzania wa kwanza kuongoza huduma hii, na mwaka 1979 yeye na C. S. Ilomo walichapisha kitabu Books Build Nations juu ya maktaba na ujenzi wa taifa. Naliona hilo kuwa jambo kubwa. Mkutubi aliandika juu ya kazi yake mwenyewe, akaacha ushahidi kwa waliomfuata, badala ya kungoja wageni waje kuieleza.

Wakutubi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walikuwa tayari na chama chao cha pamoja tangu miaka ya 1950. Kila nchi ilipoanza kuwa na chama chake, hawakutaka kupoteana. Mwaka 1974 walikutana hapa hapa Dar es Salaam, na mkutano ule ukawa mwanzo wa mikutano ya vyama vya wakutubi vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, inayojulikana kwa kifupi cha SCECSAL, ambayo huzunguka nchi hadi nchi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1984, shirikisho la dunia la vyama vya maktaba, IFLA, lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi. Mwaka 1975 Bunge letu lilikwisha kutunga sheria mpya ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na mwaka 1989 kikaanzishwa chuo cha ukutubi na nyaraka Bagamoyo chini ya Bodi hiyo. Kwa Mkatoliki wa pwani Bagamoyo ni mji wa wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Wachache hujua kwamba ni mji wa wakutubi pia.

Faida ya chama ni nini? Wengi hudhani ni vyeti, na picha ya pamoja mbele ya bango. Faida kubwa hupatikana wakati wa chai. Mkutubi wa rejea ni mpweke katika kazi yake. Katika shule au seminari mara nyingi yuko peke yake, hana wa kumsahihisha, na anaowahudumia hawajui kama jibu alilowapa ni zuri au ni bovu. Daktari akikosea, mgonjwa huonekana. Mkutubi akikosea, msomaji hushukuru na kuondoka. Anapokutana na wenzake husikia wao wanajibuje maswali yale yale, hujua nani Dar es Salaam ana magazeti ya zamani, nani ana ramani, nani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaujua vizuri mkusanyo wa vitabu vya Afrika Mashariki. Kesho yake akiulizwa jambo asilonalo, anapiga simu.

Kanisa limewahi kufanya hivi

Msomaji asidhani nalazimisha mambo ya dunia yaingie seminarini. Achille Ratti, padre wa Milano, alifanya kazi katika maktaba ya Ambrosiana kuanzia mwaka 1888, akawa mkuu wake mwaka 1907, na mwaka 1914 akawa mkuu wa Maktaba ya Kitume ya Vatikano. Mwaka 1922 alichaguliwa kuwa Papa, akaitwa Pius wa 11. Wakati wa utawala wake Vatikano ilikiri kwa vitendo kwamba katalogi yake inahitaji ujuzi wa wengine. Wafanyakazi wa maktaba walitumwa Marekani kusoma ukutubi, na mmoja wao, mwaka 1927, alikuwa Igino Giordani. Wanaoijua Focolare wanalijua jina hilo. Alikuwa mlei, mume, baba wa watoto wanne, na leo ni Mtumishi wa Mungu. Aliporudi alifanya kazi ya katalogi ya vitabu vilivyochapwa, na mwaka 1931 zilitoka kanuni za katalogi za Vatikano ambazo zilikuja kutumiwa na maktaba nyingine nyingi. Mwaka 1934 Vatikano ikaanzisha shule yake ya ukutubi.

Sasa tulete hilo nyumbani. Katika nyumba nyingi za malezi mkutubi ni frateri wa mwaka fulani, naye hubadilishwa kila mwaka. Ninaelewa sababu: ni sehemu ya malezi, na haigharimu. Hata hivyo naona tunapoteza. Frateri anaanza kuzijua rafu mwezi wa tatu, mwezi wa sita anajua maswali ya wenzake, na mwaka ukiisha anaondoka na ujuzi wote kichwani. Afadhali frateri awe msaidizi, na mkutubi awe mlei aliyesomea, mwenye mkataba na mshahara wa haki. Juu ya mshahara wa haki hatuna udhuru, kwani tangu Rerum Novarum ya mwaka 1891 ndiyo tunayohubiri. Na bajeti ya kila mwaka iwe na fungu dogo la kumpeleka kwenye mafunzo na kumlipia ada ya chama. Gombera akiuliza seminari itapata nini, ajibiwe kwa mfano wa nakala ya 1983.

Wapo wanaohofia kwamba kutafuta vyeti na mikutano ni kutafuta makuu. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, maana wapo wanaokusanya semina kama wengine wanavyokusanya kanga za sikukuu. Mtakatifu Thomas, katika sehemu ya pili ya Summa, swali la 166 na la 167, anatenganisha bidii ya kusoma, ambayo ni fadhila, na udadisi mbaya, ambao hutafuta kujua kwa ajili ya kujivuna au kwa mambo yasiyotuhusu. Kwa mkutubi wa rejea kuna kipimo rahisi cha kuyatenganisha: baada ya semina ile, swali gani ambalo jana lilimshinda leo anaweza kulijibu?

Kwa yule kijana, na kwa wazazi wanaosoma hapa: ndiyo, ni kazi ya kusomea. Bagamoyo kuna masomo ya astashahada na stashahada, na vyuo vikuu vinatoa shahada. Ajira si nyingi na mshahara wa mwanzo si wa kujengea Masaki. Atakayependa watu, akavumilia kurudia jambo lile lile mara kumi bila kununa, ataweza. Anayependa vitabu tu na kuwaona wasomaji ni usumbufu, aombe kazi ya kuorodhesha.

Kwa parokia yenye kabati moja la vitabu na mama mmoja wa WAWATA anayejitolea, pa kuanzia ni daftari la shilingi chache. Aandike tarehe, swali lililoulizwa, mahali jibu lilipopatikana, au kama halikupatikana. Jina la muulizaji asiliandike kamwe. Kila baada ya miezi mitatu ayachukue yale yaliyomshinda ayapeleke kwa mkutubi wa seminari au wa Maktaba Kuu, akae naye saa moja. Na ndani ya jalada la kile kitabu cha Sheria cha mwaka 1983 abandike karatasi yenye tarehe mbili, 8 Desemba 2015 na 8 Desemba 2021, na kanuni zilizobadilika: 1671 hadi 1691, kisha 1311 hadi 1399.